Waliotoka Scientology na safari ya kutafuta imani isiyo na ankara

Na Mwandishi Wetu

Mfanyakazi anayeacha kazi hutazamia kulipwa haki zake. Mtumishi wa Kanisa la Scientology anayevunja mkataba wake na kuondoka hupewa ankara. Humo huorodheshwa masomo na vikao vyote alivyopata bila malipo au kwa bei ya chini alipokuwa akitumika, sasa vikiwa vimewekewa bei kamili. Jumla yake inaweza kufika makumi ya maelfu ya dola za Marekani. Ndani ya kanisa hilo mtu wa namna hiyo huhesabiwa kuwa mla bure, na deni lake ni deni la mla bure.

Wapo wanaolipa, hata kama walifanya kazi miaka mingi kwa posho ya dola chache kwa wiki. Wanalipa kwa sababu asiyemaliza deni hilo hawezi kurudi katika hali njema na kanisa, na asiye katika hali njema anaweza kumpoteza mama, mume au mtoto aliyebaki ndani.

Hata hivyo, ukisoma vitabu vya waliotoka na kusikiliza walivyohojiwa mbele ya kamera, unaona kuwa fedha siyo hasara inayowasumbua kwa muda mrefu zaidi. Linalobaki ni swali jingine. Mtu aliyeambiwa kwa miaka 20 kwamba njia ya kuokoka ni moja tu, akishagundua kuwa haimfai, aelekee wapi? Aamini tena? Na akiamini, amwamini nani?

Swali hilo si la Wamarekani peke yao. Mfanyabiashara wa Busia, Namanga, Rusumo au Tunduma anaishi katikati ya soko kubwa la imani. Kuna mahubiri ndani ya basi, mafuta ya upako stendi, sadaka ya mbegu inayotumwa kwa simu, na mganga mwenye bango pembeni ya barabara. Wengi wetu tunamfahamu mtu aliyepeleka mtaji wake huko, akatoka mikono mitupu, kisha akaona haya kurudi kwenye msikiti au kanisa alilokulia. Yaliyowapata waliotoka Scientology yameandikwa na kurekodiwa kwa kirefu, ndiyo maana yanafaa kutazamwa na watu wa huku pia.

NGAZI YENYE BEI

Mwanzilishi wa Scientology ni L. Ron Hubbard, Mmarekani aliyezaliwa mwaka 1911 na kujipatia jina kwa kuandika hadithi za kubuni. Mwaka 1950 alitoa kitabu chake cha Dianetics, kilichodai kuwa na njia ya kuondoa machungu ya moyo bila daktari. Kitabu kiliuzwa sana. Miaka michache baadaye mafundisho hayo yalisajiliwa kama kanisa.

Scientology inafundisha kwamba mtu ni roho isiyokufa, iitwayo thetan, ambayo imeishi maisha mengi na kubeba majeraha ya huko nyuma. Ili roho ipone, muumini hufanyiwa kile ambacho kwa Kiingereza huitwa kwa neno lile lile la ukaguzi wa hesabu. Huketi mbele ya mkaguzi akiwa ameshika mikebe miwili ya chuma iliyounganishwa na kifaa kiitwacho E-meter. Kifaa hicho hupitisha umeme kidogo mwilini, na mshale wake hucheza kadiri mtu anavyojibu maswali. Muumini hueleza aliyoyatenda, aliyotendewa na anayoyaogopa. Mkaguzi huandika, na karatasi huwekwa kwenye faili.

Huduma hiyo huuzwa kwa mafungu ya saa 12 na nusu. Baada ya mafungu kadhaa muumini hutarajiwa kufika hatua iitwayo Clear, yaani aliyesafika. Juu yake kuna ngazi nyingine nane za siri. Ya nane hutolewa ndani ya meli iitwayo Freewinds tu, na imekuwa hivyo tangu mwaka 1988. Waliopanda hadi juu wanasema walitumia mamia ya maelfu ya dola. Mwigizaji Jason Beghe, aliyetoka mwaka 2007, alisema yeye alitumia kiasi cha dola milioni moja.

Mataifa hayakubaliani kuhusu kanisa hili. Mahakama Kuu ya Australia ilitamka mwaka 1983 kuwa ni dini. Marekani iliisamehe kodi mwaka 1993 baada ya mvutano wa miaka mingi. Mahakama ya juu ya Uingereza iliruhusu ndoa zifungwe katika kanisa lao la London mwaka 2013. Kwa upande mwingine, mahakama ya Ufaransa iliitia hatiani kwa udanganyifu mwaka 2009, na rufaa ya mwisho ikashindwa mwaka 2013. Ujerumani haiitambui kuwa dini, na idara yake ya usalama wa ndani iliwekwa kuifuatilia tangu miaka ya 1990.

Kanisa lenyewe husema kwamba fedha inazopokea ni michango ya kuendesha kazi zake, kwamba hakuna muumini anayelazimishwa kukata uhusiano na ndugu zake, na kwamba wanaolisema vibaya ni watu wenye kinyongo.

Afrika haikuachwa nyuma. Hubbard alikaa Johannesburg kati ya mwaka 1960 na 1961. Mwaka 1966 alihamia Rhodesia, ambayo leo ni Zimbabwe, akitarajia kufanya makao huko. Serikali ya Ian Smith ilikataa kumwongezea kibali, akaondoka Julai mwaka huo huo. Afrika Kusini iliunda tume ya uchunguzi mwaka 1969, ikatoa ripoti yake mwaka 1972. Leo anayesafiri kusini kununua mali Johannesburg anaweza kupita karibu na jengo kubwa lenye sura ya ngome eneo la Kyalami, kati ya jiji hilo na Pretoria. Ni kituo cha Scientology kilichofunguliwa mwaka 2019.

ANAYETOKA HUTOKA NA NINI

Mtu akihama dhehebu hapa kwetu, kwa kawaida ndugu hununa kwa muda, kisha siku ya msiba au harusi wote wanakutana. Anayetoka Scientology kwa kelele hana uhakika huo. Akitangazwa kuwa mkandamizaji, jina wanalopewa maadui wa kanisa, waumini waliobaki hutakiwa kuachana naye. Jenna Miscavige Hill, mpwa wa kiongozi wa sasa David Miscavige, alitoka mwaka 2005 na kuandika kitabu mwaka 2013 kuhusu utoto wake humo. Ameeleza jinsi familia zinavyokatwa vipande, wa ndani huku na wa nje kule.

Mzigo wa pili ni hofu. Muumini hufundishwa kuwa ugonjwa na mikosi hutokana na kuwa karibu na mkandamizaji. Hufundishwa pia kuwa anayesikia siri za ngazi za juu kabla ya wakati wake anaweza kuugua vibaya. Akishatoka, akili inaweza kukataa mafundisho hayo lakini mwili ukaendelea kuogopa. Akipata homa, anajiuliza kama ndiyo adhabu. Mwenye duka aliyewahi kula kiapo kwa mganga ili biashara ilindwe anaijua hali hiyo. Siku akiamua kuacha masharti, kila mteja anayepita bila kununua huonekana kama ishara.

Mzigo wa tatu ni siri zilizo kwenye faili. Miaka ya ukaguzi imeacha kurasa nyingi za maungamo ambazo haziko mikononi mwa mwenyewe. Mtu huyo akiketi mbele ya padri, imamu, mchungaji au mshauri, ulimi huwa mzito. Anajiuliza nani anaandika na karatasi itakwenda wapi.

Mzigo wa nne huwashangaza wengi. Scientology huipinga vikali tiba ya magonjwa ya akili na kuwaona madaktari wake kuwa maadui wa binadamu. Mwaka 1969 ilishiriki kuanzisha chombo maalumu cha kupambana na taaluma hiyo. Kwa hiyo aliyetoka, ambaye halali usiku na analia mchana, mara nyingi anamwogopa daktari ambaye angeweza kumsaidia.

Mwisho kuna lugha. Kanisa hilo lina kamusi zake na maneno yake kwa karibu kila jambo la maisha: kwa ugomvi, kwa furaha, kwa mtu wa nje. Aliyezaliwa humo hujikuta hana neno la kawaida la kueleza huzuni yake kwa jirani.

WALIOACHA OFISI, WAKABAKI NA MAFUNDISHO

Waliotoka hawakufuata barabara moja. Kundi la kwanza liliacha uongozi lakini halikuacha mafundisho. Hubbard alipojificha na uongozi mpya kushika hatamu mwanzoni mwa miaka ya 1980, watu wengi walifukuzwa au waliondoka. David Mayo, aliyekuwa kati ya wakaguzi wakuu wa Hubbard mwenyewe, alifungua kituo chake California mwaka 1983. Bill Robertson, nahodha wa zamani wa meli za kanisa, alianzisha kundi lililoshika mizizi Ujerumani na nchi jirani. Mwaka 2012 kituo kizima cha Haifa, Israeli, kilijitenga na makao makuu na kuendelea kutoa huduma chenyewe.

Hoja yao ni rahisi kueleweka kwa mfanyabiashara: bidhaa ni nzuri, tatizo ni msambazaji. Bei kwao ilishuka sana na vitisho vikapungua. Kwa mtu aliyekuwa na hofu ya kuacha kila kitu kwa siku moja, kituo cha namna hiyo kilikuwa daraja.

Lakini kwa wengi daraja halikuwa mahali pa kujenga nyumba. Marty Rathbun, aliyekuwa ofisa wa juu sana kabla ya kutoka mwaka 2004, alikuwa miongoni mwa watu waliowapa moyo hao waliojitenga. Miaka ilivyokwenda alianza kuwahimiza wenzake wasome pia hekima ya kwingine, ukiwemo Tao Te Ching, maandiko ya kale ya Uchina. Kwake, aliyetoka hakupaswa kubadilisha tu bosi. Alipaswa kujifunza tena kupima wazo kwa akili yake mwenyewe.

WALIORUDI NYUMBANI

Kundi la pili lilirudi kwenye dini ya familia. Anayejulikana zaidi ni Leah Remini, mwigizaji wa Marekani aliyeingizwa Scientology na mama yake akiwa bado mtoto. Alitoka mwaka 2013, na kwa bahati ambayo wengi hawaipati, mama yake na jamaa wengine wa karibu walitoka pamoja naye. Baadaye alitengeneza kipindi cha televisheni kilichowapa waliotoka nafasi ya kusema, kuanzia mwaka 2016 hadi 2019. Amesema hadharani kuwa alirudi kwenye Ukatoliki.

Kwa mtu wa nje, kutoka kanisa moja na kuingia jingine kunaweza kuonekana kama kuhama kibanda sokoni. Ukichunguza, kuna tofauti anazoziona haraka yule aliyeumia. Kitubio cha Kikatoliki hakina karatasi wala saa za kulipia, na padri amefungwa na siri hiyo hadi kaburini. Sadaka ipo, tena wakati mwingine inasisitizwa, lakini ibada ya Jumapili iko wazi kwa asiye na senti. Kitabu kitakatifu kinauzwa dukani, kila mtu anaweza kukisoma hadi ukurasa wa mwisho siku hiyo hiyo. Hakuna sura inayofunguliwa kwa aliyelipa tu.

Kurudi nyumbani nako kuna matatizo. Kuna anayekaa kwenye benchi la nyuma na kusikia neno utii likitajwa, moyo ukaanza kwenda mbio. Kuna anayeona haya kwa sababu ndugu walimwonya zamani na yeye akawacheka. Kwa watu hao, anayewapokea bila kuwaambia "tulikuambia" huwa amewasaidia kuliko mwenye hotuba ndefu.

WALIOVUKA MTO

Kundi la tatu lilikwenda njia mpya kabisa. Mfano unaotajwa sana ni wa mwimbaji na mshairi wa Kanada, Leonard Cohen. Aliingia Scientology kwa muda mfupi mwaka 1968 na hakukaa. Baadaye alianza kujifunza Ubudha wa Zen chini ya mwalimu wa Kijapani, Kyozan Joshu Sasaki. Miaka ya 1990 alihamia kwenye monasteri ya mlima Baldy, California, akapika, akafagia, akaketi kimya saa nyingi, na mwaka 1996 akafanywa mtawa. Wakati wote huo alisisitiza kuwa yeye ni Myahudi. Alipofariki mwaka 2016 alizikwa Montreal katika makaburi ya Kiyahudi, pamoja na wazee wake.

Cohen anaonyesha kuwa njia mpya si lazima ifute ya zamani. Kukaa kimya, kuhesabu pumzi, kufanya kazi za mikono na wengine hakukumdai atukane dini ya babu yake. Kwa waliochoshwa na miaka ya kuulizwa maswali na kuandikwa, ibada isiyohitaji kusema chochote imekuwa pumziko.

Lakini habari hiyo ina upande mwingine, na mtafutaji anapaswa kuujua. Kuanzia mwaka 2012 wanawake wengi walijitokeza kusema kuwa mwalimu huyo huyo Sasaki aliwadhalilisha kingono kwa miongo kadhaa. Jopo la wazee wa Kibudha lililosikiliza malalamiko lilithibitisha kuwa tatizo lilikuwepo kwa muda mrefu na kwamba wasaidizi wake walilijua. Sasaki alikufa mwaka 2014 akiwa na umri wa miaka 107. Kwa hiyo utulivu wa mahali, unyenyekevu wa mavazi na umri wa mwalimu havitoshi kuwa dhamana. Mtu anaweza kukimbia moto akaangukia majivu yenye makaa.

WALIOANZISHA NJIA ZAO

Kundi la nne lilitoka likiwa na ujuzi na kuufanyia kazi upya. Paul Twitchell alikuwa mfuasi na mtumishi wa Scientology miaka ya 1950. Mwaka 1965 alianzisha Eckankar, dini inayofundisha safari ya roho, ambayo imepata wafuasi wengi Afrika Magharibi, hasa Nigeria. Harry Palmer aliendesha kituo cha Scientology jimbo la New York, akatoka, na katikati ya miaka ya 1980 akaanza kuuza mafunzo yake aliyoyaita Avatar. Frank Gerbode, daktari wa akili aliyeongoza kituo cha Palo Alto, alikwenda upande tofauti. Alichukua mbinu ya kumrudisha mtu kwenye tukio lililomuumiza, akaiondolea mambo ya dini, ikawa mbinu ya ushauri kwa watu waliopatwa na maafa.

Habari ya ajabu zaidi ni ya Robert de Grimston na Mary Ann MacLean, waliokutana katika Scientology ya London mwanzoni mwa miaka ya 1960. Walijitoa, wakaanzisha kundi lao, na kufikia mwaka 1966 likawa kanisa lililoitwa The Process, lenye mavazi meusi na mafundisho yaliyowatisha watu. Kanisa hilo liligawanyika. Baadhi ya waliobaki waliendelea kubadilika mwaka hadi mwaka, na mwaka 1984 walikuwa miongoni mwa walioanzisha hifadhi ya wanyama waliotelekezwa huko Kanab, jimbo la Utah. Leo shirika hilo, Best Friends, ni moja ya mashirika makubwa ya kutunza mbwa na paka Marekani. Waliokuwa wakihubiri mwisho wa dunia mitaani waliishia kulisha mbwa wasio na wenyewe.

Kati ya hao wote, waliokwenda mbali zaidi na yaliyowaumiza ni wale waliobadilisha namna ya kushika madaraka. Kubadilisha majina ya vyeo pekee hakukutosha. Njia mpya yenye ngazi za siri, ada inayopanda na mwanzilishi asiyeulizwa ni ile ile ya zamani iliyopakwa rangi.

WALIOKAA BILA NJIA

Kundi la tano halikwenda popote, nalo ni kubwa. Wengine walihitimisha kuwa hakuna Mungu. Wengine waliamua tu kupumzika. Walilea watoto, wakasoma shule waliyoikosa ujanani, wakafanya kazi ya mshahara kwa mara ya kwanza. Katika jamii zetu, ambako mtu huulizwa dini kabla ya kabila, hali hii ni ngumu kuielewa. Lakini mkulima hulipumzisha shamba lililochoka na hakuna anayesema ameacha kilimo.

Mwanasaikolojia Margaret Singer wa California, aliyezungumza na watu wengi waliotoka katika makundi yenye masharti makali, aliandika mwaka 1979 kuwa wengi wao walihitaji kati ya miezi 6 na 18 kabla maisha hayajakaa sawa. Aliwaona wakishindwa kuamua mambo madogo, wakipotea mawazoni ghafla, na wakiwa wapweke sana. Mtu aliye katika hali hiyo hapaswi kuharakishwa kuchagua kanisa jipya, maana ndiye mteja rahisi kuliko wote kwa mwuzaji mwingine wa miujiza.

Msaada wa vitendo upo Marekani. Mwaka 2017 baadhi ya waliotoka walianzisha Aftermath Foundation, taasisi inayowasaidia wanaoondoka kupata mahali pa kulala, vitambulisho, usafiri na kazi. Msaada huo unaonekana mdogo, lakini aliyeingia akiwa na miaka 15 na kutoka akiwa na 40 anaweza kuwa hajawahi kufungua akaunti ya benki. Akiwa na chumba chake na chakula chake, anaweza kufikiri kuhusu Mungu bila kununuliwa kwa sahani ya wali.

MASWALI YA MNUNUZI

Mfanyabiashara wa mpakani hanunui gunia bila kulichoma bambo aone kilichomo. Hakubali mzigo usio na karatasi, wala hamkopeshi mtu asiyejua kwake. Tabia hizo njema huachwa mlangoni mara nyingi tunapoingia penye madhabahu. Waliotoka Scientology wanazirudia kwa maneno yao, na zinaweza kuwekwa kama maswali.

La kwanza: bei yote iko wazi tangu mwanzo? Kama leo unaambiwa kiingilio ni kidogo na kesho kuna ngazi nyingine, uliza ngazi ya mwisho ni shilingi ngapi.

La pili: mafundisho yote yanaweza kusomwa kabla ya kujiunga? Mafundisho yanayofichwa hadi ulipe hayawezi kupimwa.

La tatu: umesaini nini? Wanandoa mmoja wa California waliishtaki Scientology mwaka 2013 wakidai mamia ya maelfu ya dola walizotoa. Mahakama iliona kuwa walikuwa wamesaini fomu za kukubali migogoro iamuliwe na wasuluhishi wa ndani, ambao wote ni waumini. Wasuluhishi hao waliwapa dola kama 18,000, na mwaka 2021 mahakama ya rufaa ikakataa kubadilisha uamuzi huo. Nasi pia husaini fomu za wakala wa forodha bila kuzisoma.

La nne: hesabu husomwa mbele ya nani? Msikiti wenye kamati na kanisa lenye mweka hazina anayejibu maswali vina kasoro zake, lakini vina mahali pa kuulizia.

La tano: nikiondoka kesho, nitabaki na nani? Kama jibu ni kwamba mke, watoto au wateja wako watakatazwa kukusalimu, basi mlango ulioingilia hauna kitasa upande wa ndani.

La sita: naruhusiwa kwenda hospitali na kumeza dawa niliyopewa na daktari? Kiongozi yeyote anayejiweka kati ya mgonjwa na tiba anacheza na uhai wa mtu.

Maswali haya hayamsemei Mungu wala hayachagui dini. Muislamu, Mkristo, Mhindu na asiye na dini anaweza kuyauliza yote na kubaki alipo akiwa na moyo mtulivu zaidi. Kiongozi mwaminifu hatakasirika akiulizwa.

Kuna upande mmoja unaotuhusu hata sisi ambao hatukwenda popote. Siku moja dada au shemeji aliyepotelea kwenye kundi fulani atarudi, pengine akiwa ameuza kiwanja, pengine akiwa na deni la vikoba ambalo hakulisema. Wapo waliotoka ambao hawakuondoka kwa sababu walishindwa kwa hoja. Waliondoka pale walipojua kuna mtu nje atakayepokea simu. Kwa hiyo namba isibadilishwe. Na akipiga, aulizwe kwanza amekula nini na analala wapi. Habari za imani zinaweza kungoja hadi apumzike.